Maumivu ya fibroidi kwa mjamzito: dawa ipi ni salama?

Wajawazito wengi wenye fibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, hawasikii chochote mpaka wanajifungua. Wachache hushikwa ghafla na maumivu makali, hasa katika miezi mitatu ya kati ya ujauzito.

Mara nyingi uvimbe unakuwa umekua hadi damu inayoufikia haitoshi, na nyama yake ya ndani inaanza kufa. Maumivu hukaa sehemu moja, pakibonyezwa panauma zaidi, na yanaweza kuja na homa ndogo au kutapika. Yanatisha kweli, ila kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache hadi wiki mbili na mimba inaendelea.

Tiba ya kwanza ni mapumziko, maji ya kutosha na parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa saa 24. Maumivu yakigoma, mjamzito hulazwa, huwekewa dripu na kupewa dawa yenye nguvu zaidi. Kukata uvimbe wakati wa mimba hufanyika mara chache sana, kwa hofu ya kutoka damu nyingi.

Shida iko duka la dawa. Mama akisema tumbo linauma, ni rahisi kuondoka na diklofenaki au ibuprofeni. Mwaka 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 dawa za kundi hili zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Kabla ya hapo daktari anaweza kuziandika, kwa siku chache tu. Aspirini ya dozi ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba ni suala lingine. Isiachwe bila kumuuliza daktari. Na zile dawa za "kuyeyusha uvimbe" za mitandaoni? Mjamzito asiziguse.

Tena si kila maumivu ni fibroidi. Kondo la nyuma linaweza kuwa linaachia, au ni kidole tumbo. Damu ikitoka, maji yakivuja, tumbo likikaza na kuachia, homa ikipanda au mtoto akipunguza kucheza, ni hospitali hapohapo, hata kama ni usiku wa manane.

Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Ila kwa kuwa fibroidi huongeza uwezekano wa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mama achague mapema hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu.