Ngano za Giza katika Riwaya za Picha

Ngano za giza ni hadithi za mapokeo ambazo waandishi na wachoraji wa zama hizi wamezisimulia upya kwa namna ya kutisha, ya kuumiza au ya kufichua ukatili uliokuwa umefunikwa. Riwaya ya picha, nayo, ni kitabu kinachosimulia kisa kirefu kwa michoro iliyopangwa katika fremu, yaani visanduku vinavyofuatana ukurasani, huku maneno ya wahusika yakiwekwa ndani ya viputo vinavyochorwa karibu na vinywa vyao. Viwili hivi vilishikana kwa nguvu katika soko la vitabu la Marekani na Ulaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika Afrika Mashariki vilikutana kwa njia nyingine, zaidi katika magazeti ya katuni ya bei nafuu kuliko katika vitabu, ingawa hazina ya ngano inayofaa kuchorwa hivyo ni kubwa, na sehemu yake moja nzito imehifadhiwa katika milima ya Usambara.

Wasomaji wengi hudhani kwamba giza hilo limebuniwa na wasanii wa kisasa, ilhali historia ya ngano zenyewe inaonyesha kinyume. Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm walipotoa juzuu ya kwanza ya ngano za Kijerumani mwaka 1812, mwanamke aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi, na ni toleo la 1819 lililomgeuza kuwa mama wa kambo. Aliyeshawishi watoto wawili watupwe msituni wakati wa njaa, katika kisa cha Hansel na Gretel, alikuwa pia mama mzazi hadi ndugu hao walipombadilisha miaka mingi baadaye. Walichokipunguza tangu toleo la kwanza hadi la mwisho la 1857 kilikuwa hasa mambo ya uzazi na tamaa ya mwili. Damu waliiacha, na mahali pengine wakaiongeza, kwa maana adhabu ya njiwa kuwadonoa macho dada wabaya wa Cinderella haikuwamo katika chapa ya kwanza. Kazi ya kuiosha damu hiyo ilifanywa zaidi na wachapishaji wa vitabu vya watoto wa baadaye, kisha na filamu ya Snow White ya kampuni ya Disney ya mwaka 1937, ambamo viatu vya chuma chenye moto alivyovishwa malkia ili acheze hadi afe havionekani kabisa. Kwa hiyo mchoraji wa leo anayevirudisha viatu hivyo ukurasani harembi wala hapotoi, bali anarejesha kilichoondolewa.

Miongoni mwa kazi za kigeni zilizoupa mtindo huu sura yake, inayotajwa mara nyingi ni Fables ya Bill Willingham, iliyotolewa katika matoleo 150 kati ya 2002 na 2015, ambamo wahusika wa ngano wamefukuzwa kwao na wanaishi kwa siri New York wakiwa wakimbizi. Ni kazi ndefu yenye ubunifu mwingi, lakini giza lake ni la hadithi za upelelezi na vita kuliko la ngano. Inayochimba zaidi ni Snow, Glass, Apples, hadithi ya Neil Gaiman ya mwaka 1994 iliyogeuzwa na Colleen Doran kuwa riwaya ya picha mwaka 2019 na kupata tuzo ya Eisner mwaka uliofuata. Msimulizi wake ni mama wa kambo mwenyewe, aliyefungiwa ndani ya tanuri akingoja kuchomwa, naye anaeleza kwa utulivu jinsi mtoto aliyemkuta katika jumba la mfalme alivyokuwa mnyonya damu. Hakuna tukio kubwa la ngano ya zamani lililobadilishwa: tufaa lipo, jeneza la kioo lipo, mwana wa mfalme yupo. Kilichobadilika ni nani anayesema na anasema akiwa wapi, na badiliko hilo moja linatosha kumfanya msomaji amtilie shaka kila aliyewahi kumsimulia kisa hicho.

Emily Carroll wa Kanada, katika mkusanyo wake Through the Woods wa mwaka 2014, alionyesha kile ambacho picha inaweza na maneno matupu hayawezi. Kurasa zake nyingi ni nyeusi kuanzia ukingo hadi ukingo, na ndani ya weusi huo huchorwa taa moja, uso mmoja au maandishi mekundu yanayojipinda, hivi kwamba msomaji hulazimika kutafuta kilichojificha kabla hajageuza ukurasa. Nafasi iliyo kati ya fremu moja na nyingine hufanya kazi ambayo katika simulizi ya mdomo hufanywa na kimya cha bibi anayesimulia: kinachotokea hapo hakionekani wala hakitajwi, na kila msikilizaji hukitengeneza kwa hofu yake mwenyewe.

Katika pwani ya Waswahili giza la ngano halikuhitaji kurejeshwa, kwa sababu halikuwa limeondoka. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa misheni ya UMCA huko Zanzibar, alikusanya visa vya Unguja na kuvichapisha London mwaka 1870 kwa Kiswahili pamoja na tafsiri, na kimojawapo ni kile cha maskini anayechakura jaani na kumnunua paa kwa sarafu aliyoiokota humo. Paa huyo anasema kama binadamu, anapata almasi, anamwozesha bwana wake binti wa sultani, na anaua kwa upanga nyoka wa vichwa saba ili kumpatia nyumba. Hadi hapo kisa kinakwenda sambamba na kile cha paka mwenye viatu alichokiandika Charles Perrault wa Ufaransa mwaka 1697, ambamo paka huishia kuwa bwana mkubwa anayekimbiza panya kwa kujifurahisha tu. Paa wa Unguja anaugua. Bwana wake, sasa tajiri, anaagiza apikiwe uji wa mtama, chakula cha kudharauliwa katika nyumba kama ile, na paa anapokufa mzoga unatupwa kisimani. Usiku huo mke anaota yuko kwao na kuamka yuko kwao kweli, naye mume anazinduka akiwa jaani, kucha zikiwa vumbini. Ukurasa wa mwisho wa riwaya ya picha ya kisa hiki umekwisha kupangwa na wasimulizi, na mchoraji hana la kuongeza ila wino.

Katika mkusanyo huohuo kuna kisa cha paka wa sultani anayeanza kwa kula kuku na ndama, akakua hadi akawa nunda, yaani dubwana mla watu. Kila raia anapokuja kulalamika, sultani hujibu kwamba paka ni wake na alivyokula ni vyake, na anaendelea kumtetea hadi mnyama huyo anapowageukia wana wa sultani mwenyewe. Ni vigumu kukisoma bila kufikiria utawala wa nchi, na huenda waliokisimulia walijua wanachokisema.

Simulizi mpya ya giza iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu nayo ilitangulia mtindo huu wa picha kwa nusu karne. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alichukua kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela na kukiandika upya kuwa Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, na humo liwali mwema wa Janibu huwachapa mijeledi kila usiku manyani wawili aliowafunga, kisha huwabembeleza na kuwalisha huku akilia, kwa kuwa manyani hao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu waliogeuzwa kwa uovu wao. Katika kisa cha Kiarabu walikuwa mbwa. Wahakiki hukitaja kitabu hiki kwa maadili yake, jambo lililo sahihi, lakini mwanafunzi aliyekisoma shuleni hukumbuka kwanza mjeledi na machozi.

Picha zilipoingia, ziliingia kwa mlango wa gazeti. Jarida la Sani la Dar es Salaam, pamoja na mengine yaliyolifuata, liliwazoesha wasomaji wa Tanzania kusoma visa kwa fremu, na mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki dunia mwaka 1986 akiwa bado kijana, anahesabiwa kuwa mmoja wa waliojenga misingi ya sanaa hiyo. Kando ya vichekesho vya mitaani palistawi visa vya wachawi, majini, misukule na viumbe wa usiku, ambavyo mtafiti Mjerumani Jigal Beez alivichunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama tanzu kamili ya katuni za kutisha. Mbinu zake ni zilezile za ngano: kijana anaonywa asipite njia fulani na anapita, mgeni mzuri kupita kiasi anaposa na miguu yake haionyeshwi mpaka fremu ya mwisho. Kwa upande wa vitabu, hatua ya kukumbukwa ni Abunuwasi ya Gado, yaani Godfrey Mwampembwa aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, iliyochapishwa Nairobi na kampuni ya Sasa Sema mwaka 1996. Kitabu hicho kilithibitisha kwamba mhusika wa mapokeo anaweza kubeba albamu nzima ya Kiswahili, ingawa Abunuwasi ni mjanja wa mchana na ulimwengu wake ni wa kicheko.

Ulimwengu wa usiku uko zaidi Usambara. Kifungilo, katika Wilaya ya Lushoto, hujulikana zaidi kwa shule ya sekondari ya wasichana ya Kanisa Katoliki na kwa kituo cha zamani cha yatima kilichoendeshwa na masista wa Damu Azizi kutoka Ujerumani. Mmoja wa watoto waliokulia hapo, Maria Nhambu, alieleza katika kumbukumbu zake Africa's Child za mwaka 2016 jinsi alivyojiumbia moyoni rafiki asiyeonekana wa kumwongoza, njia ambayo yatima wa ngano za kila nchi wameipita. Mazingira yenyewe, yaani ukungu, misitu na miteremko mikali, yangemfaa mchoraji yeyote wa kazi za aina hii. Lakini utajiri mkubwa zaidi wa milima hiyo ni masimulizi ya Mbegha, mwanzilishi wa nasaba ya Wakilindi iliyowatawala Washambaa tangu karne ya 18, ambayo Abdallah bin Hemedi aliyaandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu na misheni ya Magila tangu miaka ya 1890.

Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na desturi ya zamani ilitaka mtoto wa namna hiyo auawe kwa kuwa ataangamiza ukoo wake. Wazazi wake hawakumuua. Walipokufa, jamaa walimnyima urithi na kumtuhumu kwa kila msiba, naye akakimbia kutoka kwao Nguu akiwa na mbwa zake, mikuki na dawa za kuwindia. Huko Kilindi alifanya urafiki na mwana wa mtawala, kijana huyo akafa katika uwindaji wa nguruwe mwitu, na Mbegha akakimbia tena. Alipopanda Usambara aliwapa wenyeji nyama ya nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba yao, akalipwa vyakula vya shamba, akaamua kesi zao, na usiku wa kufika Vuga akamuua simba. Kuanzia hapo akatawazwa, na jina la mtawala likawa Simba Mwene.

Vitabu vya shule hukieleza kisa hiki kama habari ya shujaa mkarimu, na simulizi ya namna hiyo si ya uongo. Hata hivyo mwanahistoria Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom ya mwaka 1974 na kitabu chake cha 1990 kuhusu wasomi wa vijijini, alionyesha kwamba Washambaa waliuelewa utawala kuwa nguvu moja yenye pande mbili: inayoweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi kwa mvua na shibe, ndiyo hiyo inayoweza kubana shi, yaani kuidhuru kwa ukame na njaa. Aliyekabidhiwa nchi ni kigego, na hatari iliyowatisha jamaa zake haikumtoka kwa kuvikwa heshima. Ilibadilishiwa kazi tu. Mtu wa porini, muuaji wa wanyama, anayetuhumiwa kula ukoo wake, ndiye aliyeitwa simba na kuombwa awe mlinzi wa mazizi. Kwa namna hiyo kisa cha Mbegha ni cha giza kabla mchoraji hajagusa kalamu, na anayetaka kukiongezea majini au vichwa vilivyokatwa atakuwa amekipunguza.

Swali gumu kwa mwandishi wa riwaya ya picha ni la msimulizi, kama lilivyokuwa kwa Gaiman. Habari za Wakilindi ni sauti ya ikulu, kwa kuwa Abdallah bin Hemedi alimtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde, kabla ya kushika madaraka Tanga wakati wa Wajerumani. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufa mwaka 1862, Semboja huyo alimpindua mrithi halali, Shekulwavu, na vita vilivyofuata viliwageuza raia wa milimani kuwa bidhaa ya msafara wa watumwa, huku Wabondei wa nyanda za chini wakiwainukia Wakilindi katika uasi ulioitwa Kiva. Mtu aliyefungwa kamba katika njia ya kwenda Pangani, akilitaja jina la Simba Mwene kwa kumbukumbu alizorithi kwa babu yake, angeusimulia usiku ule wa Vuga kwa matukio yaleyale, kuanzia meno ya mtoto hadi ngozi ya simba.