Garissa: Historia iliyohifadhiwa kwa ulimi kabla ya kalamu

MJI wa Garissa, ulio kando ya Mto Tana takriban kilomita 370 mashariki mwa Nairobi, unajulikana na wengi kwa soko lake kubwa la mifugo. Wachache wanaujua kama mji wenye hazina ya ushairi na masimulizi, na ambao vitabu viliwahi kuwafikia wasomaji wake mgongoni mwa ngamia.

Hadi 2013, Garissa ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Sasa ni makao makuu ya kaunti yenye jina hilo. Wakazi wengi ni Wasomali. Kandokando ya mto huishi pia Waorma, ambao ni wafugaji, pamoja na Wamunyoyaya na Wamalakote wanaotegemea kilimo. Kimunyoyaya kina undugu na Kiorma, ilhali Kimalakote ni lugha ya Kibantu.

Kwa Wasomali, ushairi ndio uliokuwa ghala la historia. Lugha yao ilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, tena nchini Somalia. Kabla ya hapo, tungo za gabay, zilizotungwa aghalabu na wanaume, na za buraanbur, ambazo ni za wanawake, zilihifadhiwa moyoni. Mghani alitarajiwa kumtaja mtunzi na kuyaghani maneno yake bila kuyageuza. Hivyo ndivyo habari za ukame, vita na mapatano ya koo zilivyorithishwa.

Masimulizi hayo yana machungu mengi. Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilisikiliza maoni ya wakazi wa eneo lililoitwa Northern Frontier District, na Wasomali wengi wakataka kuungana na Somalia. Ombi hilo halikukubaliwa. Desemba 1963, majuma machache baada ya uhuru, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari, na vita vya Shifta viliendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Hali hiyo ya hatari haikuondolewa hadi 1991.

Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwazuilia wakazi katika uwanja wa shule ya msingi. Mkasa huo huitwa Garissa Gubai, jina linalotokana na neno la Kisomali lenye maana ya kuunguza. Februari 1984 mauaji mengine yalitokea katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Idadi ya waliouawa katika mikasa hiyo miwili inabishaniwa mpaka leo.

Kwa miaka mingi habari hizo zilibaki vinywani mwa walionusurika. Mwaka 2007 S. Abdi Sheikh alichapisha Blood on the Runway, kitabu kuhusu Wagalla. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliijumuisha mikasa yote miwili katika ripoti yake. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani. Siku chache baadaye, Aprili 2, magaidi wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi.

Wakati huohuo vitabu vilikuwa vimeanza kuwafuata wafugaji. Oktoba 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianzisha mjini Garissa maktaba ya ngamia, kwa kuwa magari yalishindwa kupita katika njia za mchanga. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na wasomaji wakasoma kivulini au kuazima. Mradi huo ulimchochea Masha Hamilton wa Marekani kuandika riwaya ya The Camel Bookmobile, iliyotoka 2007. Mwaka 2016 Mwingereza Ben Rawlence alitoa City of Thorns, kuhusu wakazi tisa wa kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa katika eneo la Garissa mwaka 1991.

Vitabu vyote hivyo vitatu vimeandikwa kwa Kiingereza, na viwili kati yake ni vya wageni. Mzee aliyeshuhudia Gubai husimulia kwa Kisomali, ilhali mjukuu wake husomeshwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Aliyezaliwa mwaka wa mkasa huo amekwisha kuvuka umri wa miaka 40, na waliokuwa watu wazima wakati ule wanazidi kupungua. Kazi iliyobaki ni kuyanukuu maneno yao kwa lugha yao wenyewe, na kumtaja msemaji kabla ya usemi wake, kama waghani walivyofanya tangu zamani.