Breka Ngeni Ndani ya Bodi

Breka ndogo ya nyumbani ilianza maisha yake ikiwa mgeni. Katika miaka ya 1920 kiwanda cha Hugo Stotz mjini Mannheim, Ujerumani, kilitoa swichi inayojikata yenyewe: ndani yake mlikuwa na bamba la metali mbili linalopinda mzigo ukizidi, na koili ya sumaku inayokata papo hapo shoti ikitokea. Kitako chake kilikuwa na nyuzi za skrubu, hivyo mwenye nyumba alifungua fyuzi yake na kukaza breka palepale, katika soketi iliyotengenezwa na mtu mwingine. Kwa hiyo anayesema kuchanganya vifaa vya makampuni tofauti ni kosa tangu asili hajasoma historia. Soketi ile ilikuwa na kipimo kimoja kwa wote. Tatizo lilikuja pale breka ilipoiacha soketi na kung'ang'ania basba, yaani mkanda wa metali unaogawa umeme ndani ya bodi, kwa sababu tangu hapo kila kiwanda kilibuni breka na bodi yake kwa pamoja.

Marekani ndiko mambo yalikojionyesha wazi. Mwaka 1955 Square D ilileta breka zake za QO, zenye upana wa robo tatu ya inchi. Lakini washindani wengi walitumia upana wa inchi moja, na breka zao zikafanana kiasi kwamba ya huyu huingia kwenye bodi ya yule, pengine kwa kusukuma kidogo tu. Ndani, taya la chemchemi lililoundwa kwa basba ya umbo fulani linabana nyingine nusunusu. Chukua mguso wenye ukinzani wa omu 0.01 tu: ukipita umeme wa ampea 30, wati 9 zinageuka joto mahali padogo kuliko ukucha, saa baada ya saa. Plastiki inabadilika rangi, chemchemi inalegea, ukinzani unapanda. Na breka haikati, kwa kuwa ampea hazijazidi; yenyewe inahesabu umeme unaopita, haijui kinachoungua mgongoni mwake.

Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam atajibu kwamba bodi zetu si za Kimarekani. Ni kweli: breka zetu hukaa kwenye reli ya milimita 35, na nyingi zimeandikwa kiwango cha IEC 60898. Ila reli hubeba uzito tu, haipitishi umeme. Umeme hupitia basba yenye meno, na kimo cha tundu la breka hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Jino likikosa kukaa sawasawa, skrubu inakaza hewa. Tena IEC 60898 hupima breka yenyewe. Bodi iliyokamilika ina kiwango chake, IEC 61439-3, na hupimwa pamoja na vifaa alivyovichagua mtengenezaji.

Pingamizi zito zaidi ni la mfukoni, kwamba haya yote ni ujanja wa viwanda kumfunga mteja. Biashara imo, sikatai. Wala jina moja si kinga: Federal Pacific iliuza breka za Stab-Lok kwa bodi zake yenyewe, na mwaka 2005 mahakama ya New Jersey iliamua kuwa kampuni hiyo iliwadanganya wateja kwa kuzipa alama ya UL, shirika la upimaji wa usalama, bila kuzipima ipasavyo. Lakini huko huko Marekani kuna breka za kampuni moja zilizopimwa na kuidhinishwa rasmi kwa bodi za nyingine, na orodha ya bodi hizo hutolewa pamoja nazo. Basi ukiritimba unavunjika, ila kwa vipimo vya maabara. Kuingia kwa breka kwenye nafasi yake hakuthibitishi kitu. Kabla ya kununua, soma kibandiko kilichopo ndani ya mlango wa bodi yako na ununue aina iliyotajwa hapo. Kama haitengenezwi tena na hakuna mbadala uliopimwa, badilisha bodi nzima.