Kusahihisha na Kutoa Alama: Historia Fupi ya Istilahi Moja

Vyuo vingi hivi sasa hutumia mifumo ya kompyuta inayompelekea mwanafunzi mazoezi kwa njia ya mtandao, ikayapokea majibu yake na kumrudishia alama papo hapo. Baadhi ya wafasiri na waandishi wa miongozo huuita utaratibu huo "usahihishaji wa kompyuta". Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kama jina hilo linasadifu kazi inayotendwa. Tutaanzia Handeni na Korogwe, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Tanga zenye vyuo vya ualimu, kwa kuwa huko hufundishwa watu ambao kusahihisha kutakuwa kazi yao ya kila siku.

Neno "sahihi" limetoka katika Kiarabu, ambako hutaja kitu kizima, kisicho na kasoro. Kitenzi "kusahihisha" kimejengwa kwa kiambishi cha kusababisha; maana yake ya asili, basi, ni kulifanya lililokosewa liwe sahihi. Hata hivyo, katika shule zetu neno hilo lilibebeshwa kazi tatu: kulisoma jibu na kuamua kama ni sawa, kulitia alama, na kumwonyesha mwanafunzi alipokosea na namna ya kujirekebisha. Maadamu kazi zote tatu zilikuwa za mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu, hapakuwa na haja ya kuzitenganisha.

Uzito wa kazi ile ya tatu ulidhihirika baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka Elimu ya Msingi kwa Wote itimizwe ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1976, vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha shuleni huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa msaada wa wakufunzi. Zaidi ya 45,000 waliandikishwa nchini, na zaidi ya 35,000 walifuzu. Mwalimu mwanafunzi aliyekuwa Korogwe mjini alikuwa karibu na reli na barabara kuu. Mwenzake wa vijiji vya ndani vya Handeni, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha pia Kilindi, alikuwa mbali na vyote viwili. Katika elimu ya posta, maelezo yaliyoandikwa pembezoni mwa karatasi ndiyo sauti ya mwalimu. Karatasi iliyorudi na tarakimu tupu ilikuwa imesafiri bure.

Ng'ambo, kazi hizo tatu zilikwisha kuanza kutengana zamani. Katika miaka ya 1930 Reynold Johnson, mwalimu wa sekondari katika Michigan, Marekani, alibuni chombo cha kutambua alama za penseli kwa nguvu ya umeme. Kampuni ya IBM ilikitoa rasmi mwaka 1938. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth wa chuo cha Rensselaer alieleza jinsi kompyuta ilivyopima kazi za wanafunzi waliokuwa wakijifunza kuandika programu. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Rochester kilianza kutumia mfumo wa WeBWorK katika Hisabati: kila mwanafunzi alipewa swali lenye tarakimu zake mwenyewe, akaambiwa mara moja kama amepata au amekosa, na akaruhusiwa kujaribu tena. Moodle ilifuata mwaka 2002, na imeenea hata katika vyuo vikuu vya Tanzania, kikiwamo Chuo Kikuu Huria.

Hapa nchini, mpango ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa Sweden ulilenga kufikisha kompyuta katika vyuo 34 vya ualimu vya Serikali. Lakini kilichowafikia watu wengi zaidi ni mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2012, ambao Baraza la Mitihani liliusahihisha, kama ilivyosemwa, kwa mashine. Watahiniwa waliweka kivuli kwenye herufi ya jibu walilolichagua, hata katika Hisabati. Walimu wengi walilalamika kwamba mashine huona jibu tu, haioni njia. Baadaye maswali ya Hisabati yanayomtaka mtahiniwa aonyeshe njia yalirudishwa.

Tutoe mfano. Mwanafunzi anaulizwa robo tatu kujumlisha nusu, naye anajibu 4/6. Mfumo unasema amekosa. Mwalimu anayesahihisha huona zaidi: mwanafunzi amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, wala hajaelewa asili ya sehemu. Ni kweli kwamba mfumo unaweza kuandaliwa utoe onyo hilohilo, lakini hapo anayesahihisha ni mwalimu aliyeliona kosa kabla halijatendwa.

Hatusemi haya kuibeza mashine. Mkufunzi mwenye wanafunzi mamia hawezi kurudisha kazi zote siku ileile, na mwanafunzi anayejaribu tena mpaka apate hujifunza. Hatari iko katika jina. Mwongozo ukitamka kwamba kazi zote "zimesahihishwa" ilhali zimetiwa alama tu, mkufunzi ataonekana ametimiza wajibu wake na hakuna atakayeuliza kuhusu makosa. Tena, mwanachuo wa Korogwe au Handeni aliyezoea kupokea sifuri isiyo na maelezo ataichukua desturi hiyo mpaka darasani kwake.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Utoaji alama wa kompyuta: kazi ya mfumo ya kulinganisha jibu na lile lililowekwa, kisha kutoa alama.

(b) Usahihishaji: kuonyesha kosa, chanzo chake na njia ya kulirekebisha. Neno hili lisitumiwe kwa kazi ya kwanza.

(c) Mrejesho: maelezo yoyote anayorudishiwa mwanafunzi, yawe ya mwalimu au ya mfumo.

(d) Zoezi la mtandaoni: badala ya "kazi ya nyumbani ya mtandao", kwani wanachuo wengi hulala bwenini na zoezi hulifanyia chuoni.

Twajua kwamba istilahi haikubaliki kwa amri. "Ngamizi" na "tarakilishi" zilipendekezwa, lakini watumiaji wengi nchini wamebaki na "kompyuta". Hata hivyo "kutoa alama" na "kusahihisha" si maneno mageni. Kila mwalimu anayo kinywani. Linalotakiwa ni kuyapa mipaka. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wayajaribu katika miongozo na fomu zao, na watuletee maoni yao.