Doa, Kwekwe, Mende: Sitiari Zilizohamisha Watu

Sitiari tulizofundishwa shuleni hazikuwa na hatari. Juma ni simba. Unapigia mstari, unaandika "sitiari", unapata alama moja, unasonga swali la pili. Lakini huku kwetu Bonde la Ufa kuna sitiari ambazo watu walizielewa bila mwalimu, wakafunga virago.

Chukua "madoadoa". Neno lenyewe halina kosa: ng'ombe ana madoadoa, shati lina madoadoa. Miaka ya tisini, Kenya ikirudi kwenye vyama vingi, liligeuzwa jina la majirani kutoka jamii nyingine. Mapigano yalianza Oktoba 1991 katika shamba la Miteitei, Nandi, na mwaka uliofuata yakafika Molo, Olenguruone na Burnt Forest. Januari 1998 ikawa zamu ya Njoro, karibu tu na Nakuru mjini.

Sasa angalia vile neno hilo linafanya kazi. Ukisema mtu ni doa, tayari umesema kuna nguo, nguo ina mwenyewe, na ilikuwa safi kabla ya huyo mtu kufika. Kilichobaki ni kuosha. Hiyo sehemu ya kuosha hakuna anayeitamka, msikilizaji anaimalizia mwenyewe. "Kwekwe" ni vivyo hivyo: inaleta shamba, na shamba linaleta palizi. "Mende" tunaijua kutoka Rwanda, 1994, ambapo Watutsi waliitwa inyenzi.

Tashbihi ingesema "kama doa", na hilo "kama" lingekukumbusha kuwa huyu bado ni mtu, analinganishwa tu. Sitiari inaliondoa.

Kuna pia tasfida, ile ya kupunguza ukali. "Wageni" ni neno la heshima, lakini mtu mwenye hatimiliki ya shamba, aliyezaliwa na kuzika wazazi hapo, akiitwa mgeni, anaambiwa kwa upole kwamba safari ya kurudi inamngoja.

Na si wanasiasa peke yao. Sisi wenyewe tunasema "ghasia zilizuka", kana kwamba ghasia zina miguu na akili zao. Hiyo ni tashihisi, na inaficha mtendaji. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, kisha Tume ya Akiwumi iliyoteuliwa 1998, zote ziliwataja wanasiasa. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini, na uwanja wa maonyesho hapa Nakuru ukajaa mahema. Hata hivyo, ukimuuliza mtu leo, atakwambia "vita vilikuja".

Sheria imejaribu. Sheria ya mwaka 2008 ilileta Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kusema "madoadoa" mkutanoni Eldoret. Aliomba radhi. Aprili mwaka huohuo NCIC ikatoa orodha ya maneno ya chuki. Madoadoa, kwekwe na mende yakiwemo.

Mimi sina imani kubwa na orodha. Sitiari haiishi ndani ya neno, inaishi katika picha. Ukipiga marufuku doa, kesho mtu atataja vumbi, halafu ufagio, na umati utaelewa tu. Msemaji naye anaweza kujitetea ati alimaanisha kitu kingine, lakini aliyechomewa nyumba 1992 analisikia neno na historia yake yote.

Uchaguzi ni 2027. Ukisikia picha jukwaani, jiulize: nani amegeuzwa kitu hapa? Kitu hicho kwa kawaida hufanyiwa nini? Na nani anaachiwa kazi ya kukifanya? Kama jibu la swali la tatu ni wewe uliyesimama pale chini unapiga makofi, basi hotuba hiyo ilikuwa maagizo, na ni wewe uliyetumwa.