Hifadhi isiyo na wakazi: miaka hamsini ya Greenland Kaskazini-Mashariki

Tarehe 22 Mei 1974 kona ya kaskazini-mashariki ya Greenland ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1988 mipaka yake ilisogezwa hadi kufikia kilomita za mraba 972,000, na hadi leo hakuna hifadhi ya taifa ya nchi kavu inayoizidi. Tanzania yote, pamoja na maziwa yake, ingeingia humo na nafasi ikabaki. Sehemu kubwa ni barafu tupu. Dubu weupe, sili na mbweha wa theluji wanajipatia riziki pwani.

Wenyeji walikwisha kutoweka zamani. Mwaka 1823 nahodha Mwingereza Douglas Clavering alikutana huko na Wainuiti 12; baada yake hakuna mgeni aliyewaona tena. Baadaye walikuja wawindaji wa Denmark na Norwe kutega mbweha. Mwaka 1931 Norwe ikajitwalia kipande cha pwani, shauri likafika mahakamani The Hague, na mwaka 1933 Denmark ikashinda.

Kisha Vita Kuu ya Pili. Wajerumani walihitaji taarifa za hali ya hewa kutoka pwani hiyo, basi mwaka 1941 gavana Eske Brun akaunda doria ya wawindaji wachache, wakisafiri kwa sleji za mbwa. Mwaka 1943 Wajerumani walishambulia kituo cha doria hiyo cha Eskimonæs, na siku chache baadaye mwanadoria Eli Knudsen akauawa. Mwenzake Marius Jensen alitekwa, lakini njiani akamgeuzia kibao kamanda wa Wajerumani, Hermann Ritter: akampokonya silaha, akamsafirisha kwa sleji hadi Scoresbysund akiwa mateka. Mkasa huo ungefaa filamu.

Doria ilifufuliwa mwaka 1950 na tangu 1953 inaitwa Sirius. Askari wake, wenye makao yao Daneborg, huzunguka wawili wawili na mbwa wao kwa miezi. Kwa hiyo hifadhi ilizaliwa ikiwa tayari ina walinzi, na haikumhamisha mtu, tofauti na Serengeti, ambako Wamaasai waliondolewa mwaka 1959. Sioni hilo kuwa sifa ya waliochora mipaka; hapakuwa na wa kuhamishwa.

Majirani wa karibu ni watu wa Ittoqqortoormiit, yaani Scoresbysund, mji ulioanzishwa mwaka 1925 kusini mwa mpaka. Sheria imewaachia haki yao ya kuwinda humo, ilhali mgeni anayetaka kuingia hana budi kuomba kibali cha serikali ya Greenland.