Neema

Kwa mkulima, neema ni chakula. Mwaka wa neema ni ule ambao mvua hunyesha kwa wakati na maharagwe yakajaa ghalani. Neno lina asili ya Kiarabu, na wafasiri wa Biblia walipolichagua kwa *charis* ya Kigiriki, walilitwisha maana nzito zaidi: zawadi ya Mungu kwa asiyestahili, isiyonunuliwa kwa matendo. Ndiyo hoja ya Paulo katika Waefeso 2:8–9.

Kalembe, mpakani mwa wilaya za Masisi na Walikale katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, maana hizo mbili zimetenganishwa kwa ukatili. Oktoba 2024 waasi wa M23 waliingia, wakapigana na Wazalendo, wanamgambo wanaoiunga mkono serikali, na watu wakakimbia wakiacha mashamba. Muumini wa huko anaimba neema akiwa hana mavuno. Wahubiri wanaoahidi kwamba neema huonekana kwa gari na nyumba wamwambie nini muumini huyo? Mimi nasema wanamdhulumu.

Kivu Kaskazini wakimbizi wengi wa ndani hawaishi kambini. Hupokelewa na familia ambazo nazo zimepungukiwa. Sombe (kisamvu) na bugali (ugali) vilivyopikwa kwa ajili ya watu watano vinagawanywa kwa kumi. Mgeni hana cha kulipa, na mwenyeji anajua. Mafafanuzi mengi ya neno hili nimeyasoma, lakini sijaona yaliyo sahihi kuliko chungu hicho. Na wazazi wa Kivu, kwa haki kabisa, wanaendelea kuwaita binti zao Neema.